Kimea

Usiku wa kwanza niliuloweka uwele katika sufuria la kuazima kwa Mwaja,
wa pili nikaufunika kwa gunia la alizeti,
wa tatu ukatoa vidole vyeupe,
vifupi, kama vya Sechelela alipozaliwa.
Kisha jua la Hombolo likaukausha mpaka ukalia mkononi.

Nikausaga. Kijiko kimoja cha chai, basi.

Miezi tisa, kilo sita na robo.
Uji mzito anautema.
Mwepesi unamshibisha mkojo tu.

Nesi wa zahanati hakunihubiria. Alisema:
Ipua. Ngoja mpaka kidole kivumilie.
Ukikitia uji ungali unatokota, utakiua.
Nitakiua nini?
Kimeng'enya, akasema, akamwita mtoto mwingine kwenye mzani.

Nilikuwa nakijua. Kidato cha tatu nilikariri:
wanga, mshale, amilesi juu ya mshale, maltosi;
Mwalimu Ndahani akachora mkasi ubaoni.
Nikapata D, na mkasi ukaondoka na vumbi la chaki.

Sasa nimeshika mwiko.
Uji ulioweza kuusimamisha wima
unalegea,
kama mtu aliyekusamehe kabla hujamaliza kuomba radhi.
Hakuna mlio. Hakuna moshi.
Humo ndani mnyororo wa wanga unakatwa pingili kwa pingili,
na mkataji haondoki na hata chembe mfukoni;
anahamia mnyororo wa pili
akiwa yule yule.

Sechelela akameza.
Akafungua mdomo tena, kwa hasira,
kana kwamba nilikuwa nimemficha.

Baba mkwe anatutazama kutoka kwenye kigoda.
Chibago, aliyekuwa akimaliza kibuyu cha togwa kwa pumzi mbili,
mwaka wa pili huu anameza vidonge vya sukari,
na kidonda cha mguu wa kushoto kimekataa kufunga.
Nionjeshe ncha ya kijiko, mwanangu.

Nikasita.
Mkasi hauulizi unamkatia nani.

Nikampa ugali wake, mkavu, tonge dogo, na mlenda.
Akatafuna. Akatafuna.
Siku hizi nikiutafuna sana unakuwa mtamu, akasema.
Nani kati yenu ananitilia sukari?

Ni mate yako, baba. Unajitilia mwenyewe.

Akanyamaza,
akaendelea kutafuna,
taratibu kuliko ilivyohitajika.