Rangi Tatu

Shangazi Ndeshukurwa hakuhitaji miwani.
Pale Kiboriloni, katikati ya marundo ya mitumba,
watu walimletea maboksi: sungura, vifaranga,
watoto wa mbwa ambao macho hayajafunguka,
naye, mikono ikiendelea kukunja suruali,
alitupa jicho tu.
Dume. Jike. Jike.
Huyu dume, ila ana woga.
Hakuwashika, hakuwapindua.
Waulize wa Rau, waulize wa Pasua:
nani aliwahi kurudi kumlaumu?

Mimi alinifundisha nikiwa na miaka tisa,
nimeinua mkia wa paka mchanga kwa vidole viwili.
"Dume ni nukta mbili zilizoachana
kama majirani waliogombania mpaka.
Jike ni nukta, na chini yake kistari,
karibu karibu, kama wanaonong'onezana."
Leo nasahihisha miswada ya watu huko Arusha,
na nikikuta nukta pacha mahali isipostahili
nacheka peke yangu,
ofisi nzima inageuka.

Lakini nilitaka kusema habari za Koplo.

Baba alikuwa kiwanda cha magunia.
Kwetu ungekosa chumvi, si gunia.
Jike, alisema, ni tumbo,
na tumbo ni vinywa sita kabla ya Pasaka.
Paka jike aliyeingia kwetu alitokea ndani ya gunia,
njia ya kushuka mto Karanga,
na baba alirudi mikono mitupu
akanawa mara mbili.

Basi nikaja na wa kwangu, mvua za Aprili,
nimemficha ndani ya sweta ya shule:
mweupe, mweusi,
na rangi ya kutu, ile ya bati kuukuu,
imemmwagikia sikio moja hadi shingoni.
Baba akamwita dada yake. "Mtazame huyu."
Shangazi akamtazama.
Kisha akanitazama mimi,
vifungo vya sweta nimevifunga kombo.
Akachukua muda,
yeye ambaye hakuwahi kuchukua muda.
"Dume," akasema. "Tena dume kamili."
Baba akampa cheo papo hapo.

Miezi kumi na tano Kiswahili kilimsitiri.
Amekula. Amelala.
Amerudi alfajiri, sikio limechanika.
Lugha yetu haina haja ya kujua;
ile a ndogo mwanzoni mwa kitenzi
ni blanketi la bweni, hufunika yeyote.

Ikafika Julai. Mlima wiki ya tatu haujaonekana,
pumzi zinatoka mdomoni kama moshi wa kuni mbichi,
na Koplo hakuja kula.
Tulimkuta ndani ya sanduku la baba,
juu ya suti yake ya harusi,
akilamba watoto wanne.

Baba alisimama.
Gunia lilikuwa nyuma ya mlango, sote tulijua.
Alisimama mpaka chai yake ikafanya utando.
"Koplo amejifungua," akasema,
kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kazini,
akatoka kutafuta maziwa.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma
kwamba paka wa rangi tatu karibu wote ni majike.
Huhitaji hata kuinua mkia.
Mtoto angejua. Mtu aliye ng'ambo ya barabara angejua.

Nikamfuata wodini Mawenzi,
mkono wake mwepesi kama ganda la hindi.
"Shangazi, siku ile ulikosea?"
"Yule? Nilimwona tangu getini."
Akanyamaza, dripu ikahesabu matone yake.
"Nilipozaliwa mimi, babu yako alifunua shuka,
akatazama mara moja,
akalirudisha,
akaenda kukata majani ya ng'ombe.
Majani ya siku nzima."

Kisha, kama aliyekumbuka deni dogo:
"Na wale wanne, walikuwa nini?"

"Hatukuwatazama, shangazi."

Alicheka mpaka nesi akaja.