Daftari la Mkunga

Jalada la kijani: Veneranda Nampwani, mkunga msaidizi, Newala.
Limelala miaka ndani ya debe tupu la korosho.
Mchwa wamekula pembe, amri hawakuzigusa:

Mtoto anyonye kila baada ya saa nne.
Akilia kabla, aachwe.
Kubebwabebwa kunadekeza.
Busu ni njia ya vijidudu, na ya udhaifu.

Hivyo ndivyo elimu ilivyotufikia juu kule,
kwa chaki, kwa mwalimu mgeni mwenye soksi ndefu.
Wanawake waliotoka kuteka maji bondeni
waliisikiliza hadi mwisho, wakaitikia ndiyo,
watoto wao migongoni wamelala fofofo.

Kurasa za mbele wino ni mwingine.
Semina nyingine, Masasi. Habari za tumbili
walionyang'anywa mama, wakapewa wawili wa bandia:
mmoja wa waya, mwenye chupa ya maziwa,
mmoja wa taulo, mkavu.
Wakanyonya kwa waya haraka haraka,
wakarudi kumkumbatia taulo kutwa kucha.
Pembeni, kwa penseli, mama kaandika: Kumbe.
Kisha nukta.

Leo niko Ligula, wodi ya njiti.
Kilo moja na gramu mia mbili, ndiyo mali yangu yote.
Editha bado hajaweza kukaa, mshono unamvuta,
basi Muuguzi Chitanda kanivua shati mimi,
kanifunga mtoto kifuani kwa kitenge.
"Kangaruu," anasema. "Usimtoe, hata ukisinzia.
Mashine ya joto ni mbovu,
lakini hata ingekuwa nzima ningekufunga."

Mama kashuka na basi la asubuhi.
Kasimama mlangoni, kwa mazoea kaitazama saa yake.
Kisha, kama mtu anayesoma ripoti ya zamu:

"Ulipokuwa unalia, nilikuwa nyuma ya mlango.
Zimebaki dakika arobaini.
Maziwa yanatoka yenyewe, yanalowesha gauni la kazi.
Nikasema, mwili huu haujasoma."

Sikujua la kujibu.
Kitanda cha pili mama mmoja alikuwa akihesabu matone ya maziwa kwenye kikombe.
Mtoto akapiga chafya, chafya ndogo kama ya paka.

"Mfunike kichwa," akasema mama.
Hakungoja. Akakivuta kitenge mwenyewe,
akakipandisha, akakipandisha tena,
hadi kikatufunika sote wawili.