Mia Tatu na Arobaini

Dola mia tatu na arobaini ndani ya kopo la maziwa,
na karatasi moja: mgongo wa bili ya umeme
ambao mwezi huo wote haukuwaka.
Murhula aliandika *makochi* kwanza,
akapiga mstari chini yake, mara mbili.
"Mgeni haingii chumbani," akasema.
"Mgeni anakaa sebuleni, anatazama,
anaondoka na habari."

Kweli. Naijua Bukavu yetu.
Nazijua nyumba za Kadutu zenye velveti nyekundu,
kitambaa cha kufuma juu ya kila mgongo wa kiti,
na watoto usiku wamelala mkekani
ubavu ukiisoma sementi.

Mimi nikaandika godoro.
Si lile la sponji linalokata tamaa kabla ya Pasaka.
Nikaandika meza, mbao ya libuyu,
kwa fundi Bashige, asiyepunguza bei
ila hupunguza maneno.
Nikaandika kioo.

"Cha kujitazama?"
"Cha dirisha. Kule nyuma, palipo bati.
Ziwa lipo pale tangu tuhamie,
nasi tumelipigilia misumari."

Tuligombana hadi mshumaa ukagusa kisahani.

Basi: vikombe, sita, hakuna ndugu kati yao.
Pazia ni shuka la mtumba kutoka Nyawera,
jina la hoteli ya watu bado limedariziwa pembeni.
Viti vya plastiki, vinne, kimoja kinachechemea.
Makochi: siku moja.
Murhula aliandika hivyo mwenyewe, *siku moja*,
kwa herufi ndogo, kisha akaenda kulala
kwenye godoro, na hakulalamika tena.

Kufika kwetu ni ngazi mia moja na kumi na mbili,
za udongo. Mvua ikinyesha ni mlenda.
Meza aliipandisha Nabintu,
mwanamke mfupi kuliko meza yenyewe ikisimama wima,
kamba imepita kwenye paji la uso wake.
Alitaja franga elfu tano. Nikasema tatu.
Akasema nne na mia tano. Nikasema tatu,
kwa sauti ileile niliyozunguka nayo tangu asubuhi
nikibishania bei ya misumari.
Aliniangalia. Akainama, akabeba.

Nilipanda nyuma yake nimeshika droo, tupu.
Mbele yangu visigino vyake
vilikuwa vikiuliza kila ngazi kama itakubali.
Nikaanza kugawanya elfu tatu kwa mia na kumi na mbili,
na sikumaliza,
mimi ninayefundisha hesabu darasa la tano.

Aliiweka chini bila mlio.
Kwenye paji lake kamba ilikuwa imeacha mfereji;
aliupangusa kwa kiganja, ukabaki.
Akaomba maji. Nikamsogezea kiti,
si kile kinachochechemea.
Akanywa akitazama kioo,
gundi yake bado mbichi,
alama ya kidole cha fundi kwenye kona.
"Miaka yote napita hapa," akasema,
"natazama ngazi tu.
Kumbe ziwa liko karibu hivi."

Nikaliendea kopo. Chini kabisa
palibaki pesa ya vitambaa vya kufuma,
vya makochi ya siku moja.
Nikampa elfu sita.
Akazihesabu noti zote, akalainisha moja
juu ya goti, akanirudishia elfu.
"Bei yangu ilikuwa tano, mwalimu."
Akakunja kamba yake, akashuka.

Jioni Murhula aliizunguka meza,
akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaridhika,
akaona kikombe kimoja kimelowa.
"Kulikuwa na mgeni?"
"Alikuwepo."
"Ameonaje kwetu?"

Nje, upande wa Nguba, taa mbili tatu ziliwaka
na kioo kikaanza kunirudishia uso wangu.
"Ameliona ziwa," nikamjibu.
"Na mimi ameniona."