Neva Inayosema Basi

Nje, Ulaanbaatar, baridi imeshuka thelathini chini ya sifuri
na jiji limejifunika moshi wa makaa mpaka masikioni.
Ndani ya gudulia la kioo ni joto la mwili:
pete ya koo la simbilisi, nyembamba kama kipande cha kitunguu,
inaning'inia kwa uzi wa hariri
katika maji ya chumvi na sukari, mapovu yakipanda.

Mnyama amekufa tangu saa nne asubuhi.
Koo halijaambiwa.

Dulamsuren anadondosha histamini, tone moja.
Msuli unakunja ngumi.
Kalamu ya mashine kuukuu ya Kirusi inapanda karatasini,
inapanda, inagota kileleni.
Mlima huu anaujua.
Ni Temuulen, mwanawe, saa tisa za usiku,
ameketi kitandani mabega juu,
anavuta hewa kama mtu apenyezaye kamba kwenye tundu la sindano.

Anabonyeza swichi.
Neva zimo bado ndani ya nyama. Zile za kukaza
alizinyamazisha mapema kwa dawa;
imebaki hii, yenye neno moja:
basi.
Haipazi sauti. Inatoa chembe za naitriki oksaidi,
gesi ya uhai wa sekunde chache,
inayopita ukuta wa seli bila kupiga hodi,
na ngumi inafunguka, kidole kwa kidole.
Kalamu inateremka.

Akiizuia gesi hiyo, kalamu bado huteremka, nusu ya njia,
shingo upande.
Kumbe yupo msemaji wa pili, mzito wa kuanza,
kijinyororo cha protini. Anaandika hilo pembeni kwa penseli.

"Gesi yako," alimwambia Profesa Lkhagvaa akivaa kofia ya manyoya,
"imo pia kwenye moshi wa majiko yetu."
Hakucheka. Wala yeye hakucheka.
Dawa ya moto ni moto, sawa;
kipimo kashika nani?

Basi la mwisho linamshusha chini ya kilima, kwenye mahema.
Temuulen hajalala.
"Leo koo limesema nini?"
"Limesema basi."
"Basi tu?"
"Basi tu. Lala."

Jiko linafifia. Ukuta wa hema umeanza kuota barafu kwa ndani.
Anaongeza makaa mawili,
anashika la tatu,
analirudisha ndooni,
kisha anakaa gizani, akisikiliza mlima.