Daftari la Mahudhurio

Baba alivuka Malagarasi na daftari,
si godoro, si sufuria.
Mama alimlaumu mpaka Kasulu,
na baada ya Kasulu akanyamaza, ikawa mbaya zaidi.

Darasa la tano, shule ya mlimani,
majina thelathini na nane kwa wino wa buluu,
mwandiko wa mtu aliyeamini kwamba kesho ni Jumanne.
Kesho ilikuwa malori.

Ulyankulu walitushusha porini,
wakatupa jembe, shoka,
na namba badala ya jina la kijiji.
Mbung'o hawakuuliza kabila.
Tulikata miombo, tukachoma, tukapanda tumbaku,
moshi wa mabani ukaingia hadi kwenye mashati ya harusi.

Kila alfajiri, kabla ya jembe,
baba alisimama nyuma ya choo
akaita mahudhurio.
Barandereka. Kimya.
Nizigama. Kimya.
Sindayihebura. Jogoo wa jirani akaitikia,
baba akamtazama kwa hasira ya ualimu.
Hakuandika hayupo. Aliacha kisanduku wazi.
"Hayupo ni neno la mtu aliyekwisha kuamua," alisema,
"na mimi sijaamua."

Kisha vijana wakaanza kuja usiku,
wakanong'ona juu ya bunduki, juu ya kurudi kwa miguu yao wenyewe
na si kwa ruhusa ya mtu.
Kaka yangu Melkiori akawafuata.
Baba hakumkataza, wala hakumbariki.
Alichonga penseli, mwaka mzima ulipopita bila barua,
akaongeza jina la thelathini na tisa.

Ng'ambo walipinduana, wakapinduana tena.
Redio ilitutajia wakubwa wapya;
wageni wapya, midomo imepasuka, walitutajia yaliyobaki.
Mimi nilikuwa nimeshazaa watoto
wanaotukanana kwa Kinyamwezi.

Hata ikafika siku ya vyeti.
Turubai uwanjani, viti vya plastiki, spika inayokoroma.
Afisa alijikwaa kwenye majina yetu
kama mtu apitaye shamba la visiki.
Akaita la baba. Baba kimya.
Akaita tena. Watu wakageuka.
Masikio yake yalikuwa mazima, namjua:
alikuwa anasikiliza jinsi jina linavyokaa hewani
likisubiri mwenyewe.
Mara ya tatu akasimama, kofia mkononi:
"Nipo."
Sauti ya mtoto wa darasa la tano.

Cheti tulikitia kwenye mfuko wa nailoni,
tukakining'iniza juu, mbali na mchwa.
Kesho yake, kabla ya jua, raia yule
alikuwa nyuma ya choo,
ameanza upya na Barandereka.

Jina la thelathini na tisa hulipita mbio,
kama mtu avukaye reli.
Nami jikoni, nikipuliza moto,
nimejizoeza kukohoa hapo,
pasiwe kimya.