Sugu ya Kifuani

Baba yangu, Nicanor Arrieta, alikuwa na sugu kifuani,
chini ya bega la kulia, duara kama sarafu ya zamani.
Nikiwa mdogo niliigonga kwa kucha, ikalia kama kokwa.
Hapo ndipo pondo lilipoegemea.
Miaka kumi na tisa aliusukuma Magdalena kwa mfupa huo.

Chombo hakikwenda popote, alisema.
Ni mto tuliokuwa tukiurudisha nyuma,
wanaume kumi na wanane juu ya paa la makuti,
nyayo tupu, jua likituchuna,
unachomeka omo, unatembea hadi tezi,
unageuka, unachomeka tena.
Kwenda tezi na omo; na marejeo hayakuwa hata ngamani,
maana ngamani mlijaa vitambaa, mvinyo,
na safari moja, piano ya binti wa mwenye mgodi,
iliyolia sauti moja kila tulipogonga kisiki.
Siku sabini na tatu, kutoka pwani hadi Honda.
Piano ilifika.
Watu wawili hawakufika.

Mimi nilizaliwa mwaka wa stima.
Mama, Saturnina, anasema uchungu ulimshika
aliposikia ule mluzi, akadhani ng'ombe anachinjwa vibaya.
Watu wa Caño Hondo walikimbilia migombani.
Kasisi akatoka na maji ya baraka, akakuta ni chuma:
dohani mbili, gurudumu shetrini likichapa maji
kama mwanamke anayefua kwa hasira,
na jina kwa rangi nyekundu, Santa Librada.
Siku tisa, pwani hadi Honda.
Baba alizihesabu kwa vidole, akabakiwa na kimoja,
akakitazama muda mrefu.

Lakini stima nayo ina tumbo.
Kila jioni ilifunga kamba, ikidai kuni,
na nani wa kuikatia, kama si wale iliowanyang'anya mto?
Baba akaweka pondo juu ya boriti, akashika shoka.
Karani alipima marundo kwa fimbo
iliyorefuka kila mwaka.

Msitu ulianzia mlangoni petu.
Nilipong'oka meno ya mbele, ulikuwa umbali wa kupaza sauti.
Nilipovunja ungo, ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima,
na ukingo usio na mizizi ukawa unamegeka usiku,
tukiusikia tukiwa vitandani,
kama mtu anayekula gizani asitake kualika.
Mto ukala shamba la Eufrasia, ukala makaburi mawili,
ukavimbiwa,
ukatapika mchanga katikati.

Juu ya mchanga huo Santa Librada ilipanda,
kiangazi, abiria wakiwa mezani, supu ikamwagika yote upande mmoja.
Siku ya kumi na moja, kuku wa mwisho ameshaliwa,
nahodha alikuja kwa mtumbwi, viatu mkononi,
akauliza kama yuko mtu anayeujua mto kwa kuugusa.

Baba alishusha pondo. Mchwa walikuwa wameila ncha ya juu.
Alisimama omo ya mtumbwi, akachomeka, akasikiliza kwa kiganja.
Huku pima moja.
Huku nusu.
Huku hakuna, huku ni shamba la Eufrasia.
Na ule moshi wote, chuma chote, wakaja nyuma yake
polepole, kama ndama aliyefungwa kamba.
Nahodha akampa peso mbili,
kisha akamwuliza kuni ni bei gani siku hizi.

Tulimwosha mimi na Mama, miaka sita baadaye.
Niliitafuta ile sugu. Kifua kilikuwa laini,
kifua cha mtu asiyewahi kutumwa kazi.
Ilikuwa imehamia begani, ndefu, ya umbo la gogo.
Mama alipitisha kitambaa juu yake mara mbili.
"Hii siijui," akasema.

Nje, mluzi.
Nikafuta mikono, nikatoka
kwenda kuwahesabia marundo.