Nukta Mbili

Tartu, Januari, saa kumi na giza limeshakaa.
Leelo anainakili barua ya marehemu mama yake
kwenye kisanduku cheupe cha kivinjari.
Mtandao ameuzima makusudi:
kinu kimo humu humu ukurasani,
husaga bila kumwita jirani.

Anabonyeza. Herufi na tarakimu sitini na nne.
Mtama umekuwa unga,
na unga, tangu lini ukarudi sukeni?

Analinganisha na zile alizoziacha mama
kwa kalamu, nyuma ya risiti ya duka la dawa.
Zake zinaanza na e4, za mama na 9c;
hazijuani hata kwa salamu.

Nani kaigusa barua?

Kaka yake, Ülo, anajikuna shingo.
Leelo anamtazama mno.
Anasoma upya, mkato kwa mkato,
hadi usiku wa manane ndipo anakumbuka:
kibodi ya mama ilinunuliwa Toronto,
haikuwa na Ü.
Mama aliandika Ulo, kichwa wazi,
na binti, kwa adabu tu,
akamvika nukta zake mbili.

Anazivua.
9c.
Anafuata kwa kidole mpaka ya mwisho.

Ülo kalala kochini na viatu.
Hamwamshi.
Anamfunika koti.